Mwongozo wa Kuitembelea Kampasi ya Ann Arbor Wikiendi ya Mchezo wa Futiboli

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, mji wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan nchini Marekani huwa na Jumamosi saba au nane zisizofanana na siku nyingine yoyote. Hizo ndizo siku ambazo timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan hucheza nyumbani. Uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1927 na unaojulikana kwa jina la utani la Big House, una nafasi 107,601, na tangu Novemba 1975 kila mchezo unaochezwa hapo umehudhuriwa na watu zaidi ya 100,000, ukiuondoa msimu wa 2020 ambapo Uviko-19 uliwazuia mashabiki. Mji wenyewe, kwa sensa ya mwaka huo huo wa 2020, ulikuwa na wakazi wapatao 124,000. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini hoteli hujaa, kwa nini barabara hufungwa, na kwa nini safari hii haipangwi kwa wiki moja.

Mwongozo huu unamlenga mzazi, mlezi au ndugu anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kumtembelea mwanafunzi wake, pamoja na kijana anayefikiria kuomba nafasi ya masomo hapo. Unawafaa pia wenzetu wanaoishi Marekani, wakiwamo Wakongo wazungumzao Kiswahili waliohamia Lansing na Grand Rapids katika jimbo hilo hilo, ambao kwao Ann Arbor ni mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Shauri langu kubwa nalitanguliza: Ijumaa ni ya chuo na Jumamosi ni ya mpira, na anayetaka kuvifanya vyote viwili Jumamosi hurudi nyumbani akiwa hajakiona chuo wala hajaufurahia mchezo.

Hatua ya kwanza: Chagua mchezo unaokufaa

Ratiba ya tarehe hutangazwa mapema sana, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kuchagua. Wageni wengi huvutwa na mchezo dhidi ya Ohio State, mahasimu wa jadi, ambao huchezwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba na huja Ann Arbor katika miaka ya namba witiri, kama 2023 na 2025. Kama hii ni mara yako ya kwanza, nakushauri uuache. Tiketi zake ndizo ghali kuliko zote, baridi yake inaweza kuja na theluji, na juu ya yote hayo wanafunzi huwa likizoni kwa sababu ya sikukuu, hivyo Ijumaa yake utakuta madarasa matupu na ofisi zimefungwa. Utakuwa umevuka bahari kuja kuona majengo.

Mchezo wa Septemba dhidi ya timu ndogo inayotoka nje ya ligi una faida zake: tiketi ni nafuu, hali ya hewa bado ni ya joto, na wanafunzi ndio kwanza wameanza muhula, kwa hiyo hawajabanwa na mitihani. Mimi nauona mchezo wa katikati ya Oktoba kuwa bora zaidi, kwa sababu majani ya miti huwa yamegeuka rangi ya dhahabu na nyekundu, baridi haijakaza, na mpinzani mara nyingi ni wa ligi yenyewe ya Big Ten, jambo linaloufanya mchezo uwe na uzito. Mojawapo ya wikiendi za msimu huwa maalumu kwa wahitimu wanaorudi chuoni, na hiyo huwa na sherehe nyingi zaidi lakini pia na vyumba vichache zaidi vya hoteli.

Hatua ya pili: Iache Jumamosi nzima wazi

Tarehe utaijua mapema, lakini saa ya kuanza hutaijua. Saa hupangwa na televisheni, na tangu msimu wa 2023 michezo ya Big Ten hugawanywa baina ya Fox, CBS na NBC, ambazo huchagua mchezo zinaoutaka kadiri msimu unavyokwenda. Mara nyingi saa hutangazwa siku 12 kabla, na wakati mwingine siku 6 tu. Kwa kawaida mchezo huanza saa sita mchana, au saa tisa na nusu alasiri, au saa moja na nusu usiku. Kwenye tiketi utaona imeandikwa 12:00, 3:30 au 7:30, na wanaotumia saa za Kiswahili nyumbani wahakikishe wote waliomo safarini wamezisoma kwa namna moja, maana mzee aliyezoea kuhesabu tangu alfajiri akiambiwa mchezo ni saa saba na nusu atajiandaa kwa mchana. Kwa wale watakaoutazama wakiwa Afrika Mashariki, mchezo wa saa sita mchana wa Ann Arbor huanza saa moja usiku kwao, na baada ya saa za Marekani kurudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba huanza saa mbili usiku.

Kwa sababu hiyo, usipange ndege ya kuondoka Jumamosi jioni, usiahidi kuhudhuria harusi ya jamaa Detroit siku hiyo, wala usikate tiketi ya basi yenye saa isiyobadilika. Fika Alhamisi au Ijumaa asubuhi, uondoke Jumapili alasiri au Jumatatu.

Hatua ya tatu: Viza, malazi na usafiri

Anayetoka Afrika Mashariki aanze na viza ya matembezi, kwa sababu miadi ya mahojiano ubalozini inaweza kuchukua muda mrefu kuliko maandalizi mengine yote. Usinunue kitu chochote kisichorudishwa fedha kabla pasipoti haijarudi mkononi mwako ikiwa na viza ndani.

Hoteli za Ann Arbor hupandisha bei wikiendi za mchezo, na nyingi hudai ulipie usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi kwa pamoja hata kama unalala usiku mmoja. Weka nafasi mara tu ratiba ya tarehe inapotoka, na uchague chumba kinachoweza kufutwa bila faini. Ukikosa, tazama mji jirani wa Ypsilanti upande wa mashariki, au Romulus ulio karibu na uwanja wa ndege. Familia za Kiislamu zisisahau Dearborn, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, ambako jamii kubwa ya Waarabu imejenga mitaa mizima ya migahawa na maduka ya nyama halali. Kulala Dearborn kutakuweka mbali na uwanja, lakini hutahangaika na chakula siku zote tatu.

Uwanja wa ndege ni Detroit Metropolitan, ulio kilomita 40 hivi mashariki mwa Ann Arbor. Kuna basi la Michigan Flyer linalokwenda moja kwa moja kutoka uwanjani hapo hadi mjini mara kadhaa kwa siku, na mtu akitoka Chicago anaweza kuja kwa treni ya Amtrak iitwayo Wolverine inayosimama Ann Arbor kwenyewe. Gari la kukodi lina manufaa kwa watakaolala nje ya mji, lakini kwa aliyepata hoteli katikati ya mji gari litakuwa mzigo Jumamosi nzima.

Hatua ya nne: Nunua tiketi ukijua mtakaa wapi

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Mwanafunzi huwa na tiketi yake ya msimu iliyopunguzwa bei, na tiketi hiyo ni ya eneo la wanafunzi, ambako watu husimama na kuimba tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Asiye mwanafunzi haruhusiwi kuitumia tiketi ya namna hiyo bila kulipia nyongeza, na mzazi wa miaka sitini hatayapenda mazingira yake. Kama mnataka kukaa pamoja, basi nunueni tiketi za kawaida kwa watu wote, pamoja na mwanafunzi mwenyewe, na yeye aiuze ile yake kwa mwenzake. Kama yeye anataka kuwa na rafiki zake, na wengi wanataka hivyo ingawa hawasemi, kubalianeni mapema kwamba mtakutana baada ya mchezo. Hakuna haja ya mama kulalamika eti mtoto amemtelekeza.

Nunua kwenye ofisi ya tiketi ya chuo kupitia tovuti yao. Tiketi zikiisha huko, tumia kampuni za kuuza tena zenye dhamana, na ukumbuke kutazama bei ya mwisho baada ya ada kuongezwa, si ile inayoonyeshwa mwanzoni. Bei za mchezo usio na mvuto mkubwa huelekea kushuka siku mbili tatu kabla, hivyo mtu mwenye moyo mgumu anaweza kungoja. Usimpe fedha mtu anayekutumia tiketi kama picha kwa WhatsApp. Tiketi ni za simu, hukaa ndani ya programu au pochi ya simu, na mlangoni hupitishwa kwenye mashine. Picha iliyopigwa kwenye skrini si ya kutegemea.

Kuhusu mahali pa kukaa, safu za chini kabisa hazifai kwa mgeni wa mchezo huu, kwa kuwa wachezaji wa akiba waliosimama pembeni humziba, naye huona mgongano bila kuuona mpango wake. Safu za katikati na za juu, upande mrefu wa uwanja, ndizo zinazoonyesha namna timu zinavyojipanga. Viti vingi ni mabenchi marefu yenye namba zilizokaribiana mno. Mtu mnene na jirani yake watafahamiana vizuri kabla ya mapumziko.

Hatua ya tano: Ijumaa, itumie kwa ajili ya chuo

Ofisi ya udahili huendesha ziara za kuongozwa na wanafunzi siku za kazi, na nafasi huwekwa mtandaoni wiki kadhaa kabla. Jumamosi ya mchezo usitegemee kuzipata, wala usitarajie kumpata mshauri wa masomo au ofisa wa misaada ya fedha. Omba miadi ya Ijumaa asubuhi kwa barua pepe fupi inayotaja jina la mwanafunzi, kitivo, na swali lenyewe unalotaka kujibiwa, kwa sababu swali la jumla hujibiwa kwa kijitabu.

Baada ya hapo tembea mwenyewe. Anzia kwenye uwanja wa wazi uitwao Diag, uliokatwa na njia za mshazari zinazounganisha madarasa, maktaba na maabara. Katikati yake kuna herufi M ya shaba iliyolazwa chini, na wanafunzi wana imani kwamba wa mwaka wa kwanza akiikanyaga kabla ya mtihani wake wa kwanza atafeli. Simama pembeni dakika chache uwatazame wanavyoikwepa, wengine wakicheka na wengine wakiwa hawana hata chembe ya utani. Upande wa kusini ipo maktaba ya Hatcher, na jirani yake ni jengo la Haven Hall, makao ya idara ya masomo ya Waafrika na Wamarekani Weusi, ambako pia Kiswahili hufundishwa. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha katika chuo hiki kuanzia 1974 hadi 1991, na kwa muda alikuwa mkurugenzi wa kituo kilichotangulia idara hiyo. Kijana anayesoma Kiswahili kama somo la pili anaweza kuomba kuketi nyuma ya darasa kwa saa moja. Mwalimu akiandikiwa kwa adabu mapema, ni nadra kukataa, na mzazi akiulizwa maswali mawili matatu kwa Kiswahili na vijana wa Michigan wanaohangaikia ngeli, hiyo huwa furaha ya pande zote.

Kutoka hapo nenda hadi State Street, kwenye ngazi za jengo la Michigan Union. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1960, John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, alifika hapo yapata saa nane za usiku akakuta umati mkubwa wa wanafunzi ukimngoja, akawauliza kama wangekuwa tayari kwenda kufanya kazi katika nchi kama Ghana. Kutokana na mwitikio wa wanafunzi hao wazo lilikua, na Machi 1961 shirika la kujitolea la Peace Corps likaanzishwa. Makundi ya kwanza ya mwaka huo yalikwenda Ghana na Tanganyika. Waliokuja Tanganyika walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, nao walifika kabla ya Uhuru wa Desemba. Mtanzania aliyefundishwa hisabati au sayansi na mwalimu wa Peace Corps, nao ni wengi katika vizazi viwili vitatu, ana sababu yake mwenyewe ya kupiga picha kwenye bamba lililowekwa hapo ngazini.

Ng'ambo ya barabara, kusini kidogo, ni majengo ya sheria yaliyojengwa kwa mawe kuanzia miaka ya 1920. Ingia kwenye chumba chake cha kusomea, lakini zima sauti ya simu kabla hujaufungua mlango, kwa sababu ukimya wa humo ni wa kweli.

Waislamu wanaotaka swala ya Ijumaa wataupata msikiti katika Kituo cha Kiislamu cha Ann Arbor, kilichopo Plymouth Road, kaskazini mwa mji. Tazama muda wa hotuba siku moja kabla, na uondoke kampasini mapema. Mabasi ya buluu ya chuo, yanayounganisha sehemu mbalimbali za kampasi, hayatozi nauli.

Jioni mpelekee mwanafunzi chakula au mtoe nje mle, ila mle mapema. Kufikia saa moja usiku migahawa ya Main Street huwa na foleni hadi nje, kwa sababu wahitimu wa miaka thelathini iliyopita wamekwisha kuwasili na wote wanataka meza ileile waliyokuwa wakikalia enzi zao.

Hatua ya sita: Jumamosi asubuhi, maegeshoni

Siku ya mchezo huanza saa nyingi kabla ya filimbi. Kwenye uwanja wa gofu ulio jirani na Big House, kwenye maegesho ya shule ya sekondari ya Pioneer iliyo ng'ambo ya barabara, na kwenye nyasi za nyumba za watu, magari hupangwa tangu alfajiri, milango ya nyuma hufunguliwa, na watu huchoma nyama. Wenye nyumba husimama barabarani na kipande cha boksi kilichoandikwa bei ya kuegesha, nao wengi hupenda fedha taslimu. Ukikubali, muulize mwenye nyumba kama gari lako litazibwa na mengine, maana aliyezibwa hatoki mpaka wa nyuma yake arudi.

Kwa mtu wa Nairobi, tafrija hizi hazina ugeni mkubwa: ni nyama choma, makaa, muziki, na ubishi wa mpira. Hapa pia ndipo utakapowajua Wamarekani kwa urahisi zaidi kuliko mahali pengine popote wikiendi hiyo. Ukipita umevaa rangi za chuo, yaani buluu na njano ya mahindi, mtu asiyekujua atakuita ule. Kubali, shukuru, na usikae kwa mwenyeji mmoja muda wote. Soseji wanazochoma mara nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kabla ya kupokea. Hakuna atakayeliona swali hilo kuwa kosa. Kama umealikwa rasmi na familia ya mwenzake mwanafunzi, usiende mikono mitupu. Sinia la sambusa litakwisha kabla ya kitu kingine chochote mezani. Utaona pia watu wakirusha vifuko vilivyojazwa kokwa za mahindi au plastiki kuelekea ubao ulioinamishwa wenye tundu. Ukiitwa kucheza, cheza, kwa sababu dakika tano zinatosha kuujua.

Umri wa kunywa pombe ni miaka 21, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajaufikia. Mjomba anayempa mpwa wake chupa ya bia "kwa sababu nyumbani anakunywa" anamweka mahali pabaya mbele ya polisi na mbele ya chuo, na kama mpwa huyo yuko kwa viza ya masomo, basi tatizo linakuwa kubwa zaidi.

Kuhusu mavazi, usivae nyekundu mchezo ukiwa dhidi ya Ohio State, wala kijani ukiwa dhidi ya Michigan State, chuo kingine cha jimbo hilo hilo. Hutapigwa, lakini utazomewa hadi jioni.

Hatua ya saba: Kuingia uwanjani

Kutoka Diag hadi uwanjani ni kilomita 2 hivi, nusu saa kwa miguu, na kwa siku hiyo miguu ndiyo usafiri wa uhakika. Main Street hufungwa mbele ya uwanja na teksi za programu hupandisha bei, ingawa mabasi ya mji ya TheRide huwa na safari za mchezo zinazowafaa wazee. Ukitembea, pitia Hoover Street, ambako bendi ya chuo hutoka kwenye jengo lake la Revelli Hall na kuandamana hadi uwanjani. Kaa kando ya barabara hadi ngoma kubwa zipite karibu nawe.

Kabla hujatoka hotelini, fungua tiketi ukiwa kwenye intaneti ya hoteli na uihifadhi kwenye pochi ya simu, kisha ujaze betri. Watu laki moja wakiwa mahali pamoja mtandao wa simu hulemewa, na mlangoni utawaona waliokwama wakiinua simu juu kama wanatafuta mwezi. Usibebe mkoba. Uwanja huu ni mkali kuhusu mifuko kuliko viwanja vingi, na kinachopita ni kipochi kidogo tu cha mkononi; mahitaji ya mgonjwa na ya mtoto mchanga yana utaratibu wake, na orodha ya msimu husika iko kwenye tovuti ya chuo. Mwavuli hauruhusiwi, kwa hiyo mvua ikitarajiwa vaa koti la mvua. Beba kadi ya benki, maana ndani fedha taslimu hazina kazi. Beba kitambulisho pia, hasa kama unakusudia kununua pombe, ambayo imeanza kuuzwa uwanjani msimu wa 2024. Ukitoka nje ya lango, hurudi.

Fika kwenye kiti chako angalau dakika 45 kabla. Sehemu kubwa ya viti iko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo ukipita lango unajikuta juu, ukitazama shimo kubwa lililojaa watu hadi kwenye nyasi. Bendi huingia kwa mbio kupitia njia moja ya chini ya jukwaa, nyimbo za chuo huchezwa, na mwishoni wachezaji hutoka kwa njia hiyo hiyo wakiwa na kofia zao zenye mabawa ya njano, mtindo uliokuwapo tangu 1938, wakiruka juu kuigusa bendera ndefu iliyoshikiliwa katikati ya uwanja. Anayefika mchezo ukianza ameikosa nusu ya alichokilipia.

Hatua ya nane: Kuufuata mchezo

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 hivi. Ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa inampa mpinzani mpira, na ndiyo sababu katika jaribio la nne mara nyingi huupiga mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie nyuma. Kuuvusha mpira hadi eneo la mwisho ni pointi 6, na baada ya hapo kuna nafasi ya kuongeza 1 kwa mguu au 2 kwa kuuvusha tena. Kupiga mpira upite katikati ya milingoti bila kufika eneo la mwisho ni pointi 3. Hayo yanatosha, adhabu nyingine mwulize jirani, naye atafurahi kueleza kuliko utakavyofurahi kusikiliza.

Mshabiki wa soka atasumbuliwa na kusimamasimama. Robo nne za dakika 15 hugeuka kuwa saa tatu na nusu, kwa sababu saa husimama mara kwa mara na televisheni hukatiza kwa matangazo. Usiutazame mpira peke yake. Tazama mstari wa wachezaji wakubwa wa mbele kabla mpira haujatoka, kwani hapo ndipo mchezo huamuliwa, na sekunde sita baadaye utaelewa kwa nini aliyekimbia alipata upenyo. Makelele nayo yana utaratibu: mashabiki hupiga kelele mpinzani akiwa na mpira ili wachezaji wake wasisikizane, na hunyamaza timu yao ikiwa nao. Mgeni anayeshangilia kwa nguvu wakati Michigan inajipanga atageukiwa na safu nzima.

Nenda msalani katikati ya robo ya pili, si wakati wa mapumziko. Mapumziko ni dakika 20 na bendi hucheza huku ikichora maumbo uwanjani. Kwa wengi wasiopenda mchezo wenyewe, hiyo ndiyo sehemu watakayoisimulia. Ukichoshwa kabisa, mweleze jirani kwamba uwanja huu ndio uliokusanya watu 109,318 kutazama Manchester United na Real Madrid tarehe 2 Agosti 2014, rekodi ya mahudhurio ya soka nchini Marekani, na mazungumzo yatakuwa yamehamia unakokujua.

Hatua ya tisa: Kutoka, na Jumapili

Kubalianeni mahali pa kukutana kabla ya kuachana, tena mahali penye jina, mbali na malango. Ngazi za Michigan Union zinafaa, wakati "nje ya uwanja" hapafai. Mchezo ukiisha, msikimbilie gari. Foleni hupungua baada ya saa moja na nusu hivi, na muda huo ni bora mkautumia mkitembea polepole kurudi mjini pamoja na umati. Mchezo wa saa moja na nusu usiku utamalizika karibu na saa tano, kwa hiyo hakikisha mapema kuna chakula hotelini, hasa kama kuna watoto au mtu anayetumia dawa kwa saa.

Jumapili asubuhi mwache mwanafunzi alale. Nenda katika bustani kubwa ya miti ya Nichols Arboretum, inayoshuka hadi mto Huron, au katika makumbusho ya sanaa ya chuo yaliyopo State Street, ambayo hayana kiingilio. Mkutane naye mchana, mpitie chumba chake mjue anacholalia na anachopikia, kisha mnunulieni koti la kweli la baridi kama hana, kwa sababu lile alilokuja nalo kutoka nyumbani halitavuka Januari. Kwa aliyelala Dearborn au anayepita huko akienda kupanda ndege, chakula cha mchana ni huko. Na kama safari yako imeangukia wikiendi ya kwanza ya Novemba, kagua saa ya ukutani hotelini, kwani saa hurudishwa nyuma kwa saa moja usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya mwezi huo; simu hujirekebisha yenyewe, ya ukutani haijirekebishi.